Msamaha wa Papa Riziki

Rafiki yangu, wewe uliyepewa kile kiti cha plastiki kando ya kizimba, vuta pumzi unisome taratibu. Wengi wameniuliza habari za kazi yetu ya ukalimani nikawajibu kwa kifupi tu, ni nzuri, namshukuru Mungu. Wewe nakuamini, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Nimeacha kazi mwaka huu wa 2007. Sikio langu la kushoto limekufa na la kulia linamfuata mwenzake. Daktari aliniuliza kama kazini kwetu kuna mashine za kelele. Nikamwambia hapana, kwetu watu wananong'ona. Akaandika nipumzike. Wenzangu wakaninunulia keki na birika la umeme, nikasali nao, nikaondoka. Bado sijafika hamsini. Habari za mshahara na vyeo sitazigusa. Mshahara unaujua, na vyeo havikuwepo.

Nilifika Johannesburg mwaka 1994, mtoto wangu Lindiwe mgongoni, nikimfuata mume wangu Vusi. Vusi ni mzaliwa wa Soweto, ila alikula ujana wake uhamishoni kwetu Morogoro, kwenye ile kambi ya wapigania uhuru. Tulipanga chumba Berea, ghorofa ambalo lifti yake ilikuwa imekufa kabla hatujazaliwa. Mchana nilisuka watu nywele, jioni nikaenda shule ya watu wazima kwenye ukumbi wa kanisa, mimi na walinzi na wadada wa kazi za ndani, wote tunasinzia. Mwalimu mmoja akaniambia mahakamani wanatafuta mtu wa Kiswahili, maana Wakongo na Watanzania wameanza kuwa wengi na hakuna anayejua wanasema nini. Jina la mahakama silitaji. Ile yenye mawe ya kahawia na ngazi zinazotoka mahabusu chini, wewe unaijua.

Siku ya kwanza walinipa mtu wa kunifundisha, Anko Pillay, Mhindi mwembamba wa Lenasia, koti moja la kahawia miaka yote. Alikuwa mkalimani wa Kitamil, Kihindi na Kigujarati tangu zamani za makaburu. Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya kijana wa Tanga aliyeshikwa na redio ya gari. Akasema hakuiba. Nami nikageuka kwa hakimu nikasema kwa Kiingereza, "Anasema hakuiba." Anko Pillay alikuwa amekaa nyuma, akakohoa.

Tulipotoka akaniuliza, "Nani anasema? Mimi simwoni huyo anayesema."

Nikamwambia yule kijana.

"Basi kama ni yule kijana, sema kama yeye. *Mimi* sikuiba. Wewe pale haupo, binti. Akisema mimi nimeua, na wewe unasema mimi nimeua. Mkalimani mzuri asubuhi ameiba, mchana amempiga mke wake, saa tisa amefilisika, na jioni anakwenda nyumbani kupika."

Hiyo ndiyo kazi. Mambo mengine ni madogo. Maji ya kunywa yawe ya uvuguvugu, ya baridi yanakaba koo. Viatu viwe vya soli laini. Penseli ni ya majina na namba tu, maana ukiandika maneno yote utakuwa unaandika wakati mtu analia, na kilio nacho ni cha kutafsiri. Kaa mahali unapouona mdomo wa mtu. Ukitaka kusema jambo lako mwenyewe, simama, jiite "mkalimani", omba ruhusa kwa hakimu. Ukinyimwa, kaa chini. Na usiongee na mshtakiwa habari za kesi yake, si kwenye korido, si chooni, si kanisani. Hilo la kanisani niliongeza mimi, na sababu yake utaiona.

Mchana tulikaa nje kwenye benchi, yeye na chapati zake za viazi, mimi na mkate wangu. Ndipo aliponipa hadithi ya babu yake mzaa mama. Babu huyo alikuwa mkalimani kwenye mahakama ya Waingereza kule kusini mwa India, na mama yake Anko aliletwa Natal kuolewa, akaja na hadithi hizo badala ya dhahabu.

Alisema Mwingereza alipoichukua India hakutosheka kuleta askari. Alileta mahakama. Jaji anatoka kwao, sheria imeandikwa kwa lugha yake, na mkulima anasimama pale bila kuelewa hata anashtakiwa nini. Sasa kuiendesha hiyo mahakama kulihitaji watu: makarani, mawakili, wakalimani. Akawasomesha Wahindi wenyewe. Na wale aliowasomesha, katika kusoma zile sheria, wakaona humo zimeandikwa haki ambazo wao hawapewi. Wakaanza kuuliza. "Alidhani anafuga makarani," Anko alisema, "kumbe anafuga watu wa kumwambia aende kwao."

Basi wanasiasa wakaanza kushtakiwa kwa uchochezi, na kizimba kikawa jukwaa. Gazeti lisingethubutu kuandika hotuba ya mtu aliyesimama sokoni, lakini aliyoyasema mahakamani liliyaandika. Mmoja wao, mtu wa kijijini aliyejua Kitamil tu, akaletwa mbele ya jaji, na babu yake Anko ndiye mkalimani. Yule mtu akasema haitambui mahakama hii, na kwamba Mwingereza hana haki ya kumhukumu mtu yeyote kwenye nchi ile. Ukumbi wote ukamgeukia mkalimani. Mwajiriwa wa serikali, kilemba kimenyooka, watoto saba nyumbani.

"Akasema?" niliuliza.

"Angefanya nini? Ndiyo kazi. Alimtazama jaji usoni akasema kwa Kiingereza kizuri: *mimi* siitambui mahakama hii. Na mama aliniambia baba yake alirudi nyumbani siku ile akakaa kwenye ngazi, hakula. Alikuwa amelisema kwa niaba ya mtu mwingine, halafu akagundua ni lake."

Baadaye viongozi wa wapigania uhuru wakawaambia watu waziache kabisa mahakama za Mwingereza, wapeleke magomvi yao kwa wazee wa vijiji, na mawakili wavue majoho. Wengine walivua, na baadhi yao wakavaa tena njaa ilipobisha hodi. Babu naye aliacha, akawa muuza karatasi na wino mpaka kufa.

Mwaka 1995 niliisikiliza hadithi ile kama ushuhuda kanisani. Niliona ni yetu. Pale pale tulipokaa, wenzake Vusi walikuwa wamepita wakiwa na pingu, na sasa hakimu ni Mwafrika, bendera mpya ukutani. Nilimwambia Anko, sasa ona, imekwisha, tumeshinda. Akafuta vidole kwa leso.

"Kule kwetu siku bendera ilipobadilishwa," akasema, "mahakama ilifunguliwa saa ile ile. Majoho yale yale. Hata ile sheria ya uchochezi hawakuifuta. Waliona ina kazi."

Nilimwona mzee aliyechoka. Siku hizo nilikuwa na furaha nyingi, na mwenye furaha hasikii.

Miaka ikaenda. Vita vya Kongo vikatuletea watu kila wiki: mafundi cherehani, wasusi, walinzi, walimu wanaouza soksi. Kiswahili chao kina mwendo wake, kikanipa tabu mwanzoni, nikakizoea kanisani, maana ibada yetu ya Kiswahili ya Jumapili pale Berea ilijaa Wakongo wanaoimba kutushinda. Na kadiri walivyozidi, ndivyo upepo mahakamani ulivyogeuka. Mwanzoni waliokaa kwenye viti vya wasikilizaji walikuwa ndugu wa washtakiwa. Baadaye ikawa nikifungua mdomo kwa Kiswahili nasikia watu wanaguna nyuma yangu. Mwendesha mashtaka mmoja, kijana mchangamfu tu, alikuwa akiniona asubuhi anauliza, "Mama, leo umetuletea wageni wangapi?" Anacheka, nami nacheka. Redioni mtu anapiga simu anasema nchi hii tumeipigania sisi, wageni wanaifaidi. Mtangazaji hambishii. Hata Lindiwe, mwanangu, akaniomba nisiongee naye Kiswahili kwenye teksi. "Eish, Mama, watu wanatuangalia."

Wakati huo Anko Pillay alikuwa amestaafu. Na ndipo akaletwa hakimu Themba.

Themba nilimfahamu kabla ya ndoa yangu. Alikuwa na Vusi kambini Morogoro. Alikula kwenye genge la mama yangu miaka mingi, Kiswahili anakijua mpaka matusi yake. Tena yeye ndiye aliyekuwa mshenga wangu. Vusi hakuwa na ndugu hata mmoja Tanzania, kwa hiyo Themba alivaa koti la kuazima, akaja kwetu kuleta posa. Kwa hiyo alipoingia na joho lake, sote tukasimama, nilishukuru Mungu kimoyomoyo. Nilisema sasa watu wetu wamepata mtu anayewaelewa. Themba alinitazama, akatingisha kichwa kidogo, akakaa. Alikuwa hakimu mzuri, nisimsingizie. Hakula rushwa, hakuchelewa, hakupayuka. Ila wageni wakija mbele yake alikaza uso kuliko hata mahakimu Wazungu.

Sasa nakuletea kesi yenyewe.

Papa Riziki alikuwa fundi cherehani, mtu wa milima ya juu ya Uvira. Alikaa na mke wake Mama Riziki na watoto wanne kwenye chumba kimoja Berea, jengo la pili kutoka kwetu. Jumapili alikuwa mbeba sadaka. Mtu mpole mpaka unamwonea huruma. Akikuomba umpishe mlangoni anaanza kukuomba msamaha. Na si yeye tu, ndivyo walivyo kwao. Mtu wa kule akiitwa mbele ya wazee, kwa heri au kwa shari, hafungui mdomo kabla ya kuomba msamaha. Haombi kwa kosa fulani. Anaomba kwa yote, hata asiyoyajua, ili mioyo ya wakubwa ipoe wamsikilize. Akishaomba, ndipo anaeleza neno lake, na hapo anaweza kukana kila kitu toka juu mpaka chini, na hakuna anayeshangaa. Nimemwona mtu kanisani akisimama kutangaza harusi ya binti yake, na akaanza na msamaha.

Polisi walikuta chumbani kwake majora ya kitambaa yaliyoibwa kwenye ghala moja huko Midrand. Yeye aliletewa na mteja, ashone sare za shule. Mteja alipotea. Papa Riziki akashtakiwa kwa kupokea mali ya wizi. Na jambo lililokuwa kwenye mizani halikuwa kifungo tu. Karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa ya kuongezwa muda kila mara, na mwenye hatia haongezewi. Angerudishwa kwao, kule alikokimbia watu walioua kaka zake wawili. Hilo alilijua yeye, mke wake alilijua, na kanisa zima.

Siku aliyopandishwa kutoka mahabusu nilikuwa kazini. Nilimwambia mkuu wangu namfahamu mshtakiwa, tunasali pamoja. Akasema hakuna mwingine wa Kiswahili, panda. Wakili wa bure wa serikali alikuwa binti amebeba mafaili mpaka kidevuni, aliongea na Papa Riziki kwa muda wa kufunga kamba za viatu. Mama Riziki alikaa nyuma na mtoto mchanga.

Hati ya mashtaka ikasomwa, nikaitafsiri. Themba akauliza anajibu nini, ana hatia au hana. Nikauliza kwa Kiswahili. Papa Riziki akakunja mikono kifuani, akainama, akawatazama wote, hakimu, mwendesha mashtaka, hata askari wa mlangoni.

"Bazee, miye naomba munisamehe kwanza. Miye ni mtoto wenu. Kama kuko fasi nimewakosea, munihurumie."

Nikaona hakimu ameshusha macho. Alikuwa ameshasikia. Lakini sheria inasema asubiri Kiingereza, akasubiri, nami nikasema kwa sauti yangu: *I*, mimi, naomba mnisamehe. Mimi ni mtoto wenu. Kama kuna mahali nimewakosea, nihurumieni.

Mwendesha mashtaka akaandika. Themba akaniambia nimuulize, kitambaa kilikuwa chumbani kwake? Ndiyo, mkubwa. Kilikuwa mali yake? Hapana, mkubwa, ya mtu. Anajua kuwa ni cha wizi? Sasa najua, mkubwa, munisamehe. Kila jibu lilikuwa la kweli, na kila jibu lilimzika. Nilitazama wakili wa bure asimame aulize lile neno "sasa" lina maana ya lini. Alikuwa anapekua faili la mtu mwingine.

Nikasimama mimi. "Mheshimiwa, mkalimani anaomba ruhusa kueleza desturi ya huyu mtu."

Themba hakunitazama. "Mkalimani atafsiri kilichosemwa. Je, kimetafsiriwa kama kilivyosemwa?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Asante. Mshtakiwa amekiri. Adhabu wiki ijayo."

Wiki ile sikulala vizuri. Nilifunga, nikaomba. Kwa sababu mlango ulikuwa bado wazi. Wewe unajua, kabla adhabu haijatolewa hakimu akiona kwamba mtu hakukiri kweli, anaweza kufuta kukiri kule na kesi ikaanza kusikilizwa upya. Haihitaji zaidi ya hakimu mwenyewe kusema nina wasiwasi. Nilimpigia simu Anko Pillay nyumbani kwake Lenasia, nikamweleza. Akaniuliza swali moja.

"Hakimu ni mmoja wenu? Wa harakati?"

"Ndiyo, Anko. Alikuwa mshenga wangu."

"Basi utapoteza muda wako," akasema. "Lakini nenda."

Nilikwenda chumbani kwa Themba pale mahakamani mchana, watu wameenda kula. Niligonga. Alikuwa peke yake, joho limetundikwa mlangoni, anakula mkate na samaki wa kopo. Nikamsalimia kwa Kiswahili, shikamoo sikutoa kwa sababu ni rika la mume wangu. Akanijibu kwa Kiingereza, akanionyesha kiti. Sikukaa.

Nilimwambia, Kaka Themba, unakumbuka siku ile ulipokuja kwetu Morogoro kumposea Vusi? Ulikaa kwenye mkeka, wajomba zangu wamenuna. Neno la kwanza lililotoka kinywani mwako lilikuwa gani?

Akafunika samaki.

"Ulisema tunaomba radhi, wazee wetu, kama tumekosa mtusamehe. Ulikuwa umekosa nini?"

Hapo akatabasamu kidogo, nikaona yule kijana wa koti la kuazima. "Mama yako ndiye aliyenifundisha niseme vile," akasema, kwa Kiswahili sasa, Kiswahili cha Morogoro kabisa. "Alisema nisipoomba msamaha wataniona mhuni."

"Basi na Papa Riziki kafundishwa hivyo hivyo na mama yake."

Tabasamu likaondoka. Akasimama, akaenda kufunga mlango niliouacha wazi.

"Mama Lindiwe, nisikilize. Nikisema nimemwelewa kwa Kiswahili, nimekuwa shahidi, si hakimu tena. Na kesho gazeti litaandika nini? Kuna hakimu amerudi kutoka Tanzania, anawaachia wageni kwa sababu anajua lugha yao. Watu huko nje wanasubiri hilo tu. Niliteseka miaka yote ile ili hawa watu wa hapa wapate mahakama yao. *Yao*. Siwezi kuanza kwa kuwaonyesha kwamba ni ya Wakongo." Akachukua joho lake mlangoni. "Humu ndani mimi sijui Kiswahili."

Nikamwambia kuna mtu atakufa. Akasema kuna rufaa. Nikamwambia mtu huyo hana hata nauli ya kwenda kwa wakili wake. Akasema basi niombe Mungu, kwani mimi ni mtu wa sala. Hakusema kwa dhihaka. Ingekuwa dhihaka ingenisaidia.

Nyumbani Vusi alikuwa ametoka kazini, nikamsimulia nikitegemea atakasirika pamoja nami. Alivua viatu kwanza. Mwishowe akasema Themba naye ana wakubwa zake, na kwa kweli mtaani watu wamechoka, hata yeye kazini walinzi wa Kikongo wanakubali malipo ya chini na wenyeji wanafukuzwa. Nikamuuliza, na wewe ulipokuwa kwetu, ulikuwa mwenyeji? Akasema ile ilikuwa tofauti, ile ilikuwa vita vya ukombozi. Nilikwenda kuchambua maharage ambayo nilikuwa nimeshayachambua.

Ndipo nikaelewa kwa nini yule babu wa India alikaa kwenye ngazi asile. Nilikuwa nadhani alikaa kwa sababu ya fahari. Sasa nadhani aliona mbali kuliko wale waliokuwa wanashangilia. Watu wakisema nchi hii ni yetu, wanasema jambo la haki, nami nililishangilia na mtoto mgongoni. Halafu siku moja unawasikia wanalisema tena, maneno yale yale, na wewe ndiye unayeambiwa.

Habari kwamba msamaha ndio uliomponza zilimfikia Papa Riziki hata hivyo, bila mimi. Mchungaji alikwenda kumwona mahabusu akamwambia wazi: usiombe msamaha mbele ya yule hakimu, sema sikuiba, sikujua, basi. Papa Riziki akaahidi.

Siku ya adhabu alipanda ngazi amechana nywele. Themba akauliza kama mshtakiwa ana neno la kusema kabla ya hukumu. Nikalitafsiri swali, nikamtazama mdomo. Niliona anapigana nao. Aliufungua, akaufunga. Hakuweza. Mtu aliyelelewa vile hawezi kumkabili mkubwa akaanza na "hapana". Angejiona anatukana kaburi la baba yake. Mikono ikapanda kifuani yenyewe.

"Munisamehe, bazee, naomba munisamehe sana. Sasa miye nasema kweli ya Mungu. Sikuiba. Sikujua. Ile bitambaa ililetwa na muntu nishone nguo za batoto ba masomo. Miye niko fundi tu. Musinirudishe kule, kule bataniua."

Nilitafsiri yote. Sikuacha neno, sikuongeza, na sauti yangu haikutetemeka, kwa sababu yeye hakutetemeka. Mimi sikuiba. Mimi sikujua. Msinirudishe kule. Nilimtazama hakimu usoni nikisema, na mara hii hakushusha macho. Nilidhani atasema. Kwa muda wa pumzi moja, rafiki yangu, nilidhani kweli atasema nina wasiwasi.

Akasema mahakama imesikia mshtakiwa akiomba msamaha kwa mara ya pili, na kwamba mtu asiye na kosa haombi msamaha mara mbili. Akasema anachokana sasa ni hofu ya adhabu. Miezi kadhaa jela, na baada ya hapo idara ya uhamiaji imchukue.

Na hayo nayo nilipaswa kuyatafsiri. Nikageuka kwa Papa Riziki, mbeba sadaka wetu, nikamwambia kwa Kiswahili: mimi nakuhukumu kwenda jela, na ukimaliza utarudishwa kwenu.

Akainama. "Aksanti, mama," akasema.

Ukumbi ukasubiri, na Themba akaniuliza kwa Kiingereza mshtakiwa amesema nini. Nikamwambia: asante.

Mama Riziki aliningoja nje, karibu na robot, zile taa za barabarani, mtoto mgongoni. Nilimfuata nikitaka kumshika mkono. Akaurudisha mkono wake.

"Miye nilikuwa ndani," akasema. "Nilisikia. Ile sauti ilimufunga bwana yangu ilikuwa ya nani?"

Nilianza kumweleza habari za kazi, kwamba mkalimani hayupo, kwamba ni mdomo tu.

"Jumapili huwa tunaimba naye, huyo mudomo," akasema, akavuka barabara.

Papa Riziki alimaliza kifungo, akapelekwa kile kituo cha watu wanaosubiri kurudishwa, akapandishwa ndege. Mchungaji alituma watu wamuulizie Uvira, kisha Bukavu. Hawakumpata. Mpaka leo hakuna aliyemwona, hai wala maiti. Mama Riziki alihamisha watoto, kanisa letu hakurudi tena. Themba nilifanya naye kazi miaka mingine. Kila asubuhi aliniamkia kwa heshima, nami nilimwitikia.

Umesubiri nikuambie nilikosea wapi. Nimelitafuta kosa hilo kwa magoti, miaka. Ningelipata ningetubu, ninaye Mungu wa kumtubia. Lakini nilitafsiri sawasawa. Niliomba ruhusa, nikanyimwa, nikakaa chini. Nilikwenda kwa mwenye uwezo nikamwambia. Kila mtu mle ndani alifanya kazi yake, na Themba aliifanya kuliko sote. Sina la kukufundisha hapo. Watu huniuliza kama imani yangu ilipungua. Haikupungua. Nasali vile vile, asubuhi na jioni, ila kuna sala moja ambayo sijui niimalizeje, ya kumwombea Papa Riziki, sijui kama ni ya walio hai au ya marehemu.

Nakuomba jambo moja. Haya niliyoandika usiyaweke kwenye droo. Mpe mwenzako wa Kiswahili, naye ampe wa Kifaransa, wa Kirundi, wa Kilingala. Yasomeni saluni, kwa mafundi wa Berea, kwa akina mama wa sokoni Newtown, kanisani na msikitini, kwa kila anayetoka mahali ambapo mtoto hufundishwa kuomba radhi kabla ya kusema. Mwambieni kwamba chumba kile cha mahakama hakina wazee, hata akimwona mzee amekaa mle. Mwambieni mapema, akiwa bado anashona, bado anauza, bado hajaitwa popote. Maana akishapandishwa zile ngazi utakuwa umekaa pembeni yake, umbali wa mkono, na hutaruhusiwa kumwambia chochote.